Utangulizi: Maktaba na Wale Wasiokuja

Kila maktaba ya umma huwa na daftari lake mlangoni. Anayeingia huandika jina na saa, na mwisho wa mwezi mkutubi hujumlisha akapeleka hesabu kwa wakubwa wake. Taaluma ambayo kitabu hiki kinakukaribisha huanza na hesabu ambayo daftari hilo haliwezi kuitoa: nani hakuja, na kilichomzuia ni nini? Swali hili ni jepesi kulitamka. Kulijibu ndiko kunakotaka umri mzima, na ndiyo maana nafurahi kila ninapomwona mwanafunzi mpya wa ukutubi, mwalimu wa shule ya msingi au karani wa kaunti akilishika na kukataa kuliachia.

Fani yenyewe twaiita maktaba jumuishi. Ni tawi la ukutubi linalochunguza jinsi maktaba ya umma inavyoweza kuwa ya umma kwelikweli: ya asiyeona na asiyesikia, ya mwenye lugha isiyo na vitabu, ya muumini wa dini yoyote, ya asiye na karatasi za serikali, ya mzee aliyejifunza kusoma katika darasa la ngumbaro wakati wajukuu wake tayari wako shule. Ndani ya tawi hilo nimeshika uzi mmoja, nao ni siku za uhamasisho: zile tarehe ambazo maktaba hufungua ukumbi na uwanja wake kwa jamii nzima ili kundi fulani la watu litambuliwe na lisikilizwe. Rai yangu naiweka wazi mapema ili msomaji aipime. Naamini kwamba siku ya uhamasisho ni mtihani wa maktaba kabla ya kuwa sherehe yake. Matokeo yake hutoka wiki zinazofuata, kwenye rafu, kwenye fomu ya uanachama, kwenye meza zilivyopangwa na katika namna aliyekaa kaunta anavyomkaribisha mtu.

Mifano yangu mingi nimeitoa Kwale, na si kwa sababu ya mapenzi peke yake. Sensa ya 2019 iliihesabia kaunti hii watu 866,820, na ndani ya hesabu hiyo mna karibu kila aina ya tofauti ambayo fani hii imewahi kuijadili. Wadigo wameshika ukanda wa pwani tangu Waa na Tiwi hadi kuvuka mpaka wa Tanzania. Waduruma wako bara kavu ya Kinango. Shimba Hills kuna Wakamba waliopewa mashamba ya makazi. Wasini, Funzi na Vanga husemwa Chifundi na Kivumba, lahaja za Kiswahili ambazo Mswahili wa Lamu husikiliza kwa makini kabla ya kujibu. Kuna Wasegeju, Wapemba, Wamakonde, na kuna Ukunda, mji uliokua kwa ajira za hoteli za Diani, ambako mpangaji wa chumba cha kwanza ni Mluo, wa pili Mtaita, wa tatu Mgiriama, na ufuoni hapo karibu husikika Kijerumani na Kiitaliano. Waislamu ndio wengi, Wakristo wapo, na makaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda (Wadigo, Waduruma, Wagiriama na ndugu zao), yana wazee wake. Maktaba itakayoweza kuwapokea wote hawa itakuwa na la kuifunza dunia.

Nianze na asili ya fani, kwa kifupi. Mwaka 1931, mjini Madras, mwanahisabati aliyegeuka mkutubi, S. R. Ranganathan, alichapisha kitabu chake cha kanuni tano za ukutubi. Miongoni mwazo alidai kwamba vitabu ni vya kutumiwa, kwamba kila msomaji ana kitabu chake na kila kitabu kina msomaji wake. Mwaka huohuo, jijini Nairobi, ilifunguliwa Maktaba ya McMillan, jengo la nguzo nzito za mawe, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Nimekuwa nikiwaeleza wanafunzi mambo haya mawili pamoja, kwa sababu yanaonyesha jambo ambalo historia za maktaba hulipitia haraka. Kanuni nzuri na mlango uliofungwa vyaweza kuishi katika mwaka mmoja, chini ya dola moja, na pengine katika jengo moja.

Baada ya uhuru Kenya iliweka sheria ya Bodi ya Huduma ya Maktaba ya Taifa mwaka 1965, na matawi yakaanza kusambaa mikoani. Mji wa Kwale nao una tawi lake. Katika ngazi ya dunia, UNESCO ilitoa ilani ya maktaba za umma mara ya kwanza mwaka 1949, ikarekebishwa 1972, 1994 na 2022. Ilani hiyo, pamoja na ile ya maktaba ya tamaduni nyingi ambayo UNESCO iliiidhinisha 2009, ndizo zinazotajwa kila mara katika mikutano. Mimi huheshimu zaidi mfano uliozaliwa kwetu. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia katika vijiji vya wafugaji wa Garissa. Waliobuni mpango ule hawakuwalaumu wafugaji kwa kutokuja mjini. Waliuliza swali la fani hii, wakalijibu kwa mnyama anayefaa mchanga ule. Mtu wa Kwale akiulizwa ngamia wake ni nani, sharti afikirie mashua ya Wasini, bodaboda ya Kinango, na matatu ya barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga.

Sheria nayo iko upande wetu kuliko wengi wanavyojua. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali iendeleze lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya na breli. Kifungu cha 54 chazungumzia watu wenye ulemavu, cha 56 jamii za walio wachache na waliotengwa. Jedwali la Nne likazikabidhi maktaba kwa serikali za kaunti, pamoja na makavazi na shughuli za utamaduni. Maana yake ni kwamba mwananchi wa Msambweni anayetaka maktaba ifikike na kiti cha magurudumu ana pa kuliuliza hilo katika bunge la kaunti yake, hana haja ya kusafiri hadi Nairobi. Kisha uko Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao 2017. Mkataba huu huruhusu kitabu kinacholindwa na hakimiliki kugeuzwa kuwa breli, sauti au herufi kubwa kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa ya kawaida, bila ya kumwomba mwenye haki kibali kila mara. Kwa mkutubi, hapa ndipo sheria inapogeuka kuwa kitabu mkononi mwa mtu.

Sasa tuzigeukie siku zenyewe. Kalenda imejaa. Tarehe 4 Januari ni Siku ya Breli, 21 Februari Siku ya Lugha ya Mama, 21 Machi ya watu wenye sindromu ya Down, 2 Aprili ya usonji, 13 Juni ya ualbino, 16 Juni ya Mtoto wa Afrika, 7 Julai ya Kiswahili, 23 Septemba ya Lugha za Ishara, 15 Oktoba ya fimbo nyeupe, 3 Desemba ya watu wenye ulemavu. Maktaba ndogo yenye wafanyakazi wachache haiwezi kuziadhimisha zote, wala haifai ijaribu. Ushauri wangu kwa wakutubi ni kuchagua mbili au tatu kwa mwaka na kuzifanyia kazi ya kina, maana siku iliyofanywa juujuu huwachosha hata wale iliokusudiwa kuwaheshimu.

Nitakaa kidogo na tarehe 13 Juni, kwa kuwa inafundisha mengi. Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2014, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka uliofuata, baada ya miaka ya mashambulizi na mauaji ya watu wenye ualbino Tanzania na nchi nyingine za Afrika. Familia zinazoishi karibu na mpaka zina sababu ya kuishi kwa tahadhari. Sensa yetu ya 2019 ndiyo ya kwanza nchini kuwahesabu watu hawa peke yao, ikapata 9,729. Shughuli ya siku hiyo aghalabu huwa na hotuba, fulana na mafuta ya kujikinga na jua. Mafuta hayo yana maana kubwa katika jua la Diani, ambako saratani ya ngozi ni hatari ya kweli na wala si maneno ya bango.

Lakini maktaba ina lake la kufanya ambalo hospitali na chifu hawawezi kulifanya, nalo linahusu macho. Ualbino hugusa uoni. Macho huchezacheza, mwanga mkali huumiza, na maandishi ya ubaoni huwa ukungu hata kwa aliyevaa miwani. Kwa miaka mingi watoto wa namna hii walipelekwa shule za wasioona, wakafundishwa kusoma breli kwa vidole, ilhali wengi wao wangeweza kusoma chapa kwa macho yao lau herufi zingekuzwa. Kwa hiyo mkutubi anayejitayarisha kwa 13 Juni anaweza kuanza Mei, bila bajeti ya kutisha. Huhamisha meza moja kutoka dirisha linalopigwa na jua la asubuhi. Hutundika pazia. Hununua kioo cha kukuzia, akakifunga kwenye meza hiyo kisipotee. Hutoa nakala kubwa ya vitabu vya darasa vinavyoulizwa sana, na Marrakesh inampa pa kusimamia. Huwaambia wenzake kwamba msomaji atakayeweka ukurasa karibu na pua asikodolewe macho. Siku yenyewe ikifika, mzazi aliyekuja kwa ajili ya hotuba huonyeshwa meza hiyo na kuambiwa kwamba Jumatatu bado itakuwa pale. Tofauti kati ya maktaba iliyofanya hivi na iliyogawa fulana peke yake huonekana katika daftari la mlangoni la Julai.

Kwa viziwi mambo huenda njia nyingine, na wanaoanza fani hii hukosea kwa kuwaweka viziwi na wasioona kwenye kapu moja la mahitaji maalum. Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha kamili yenye sarufi yake. Katiba imeifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mtoto aliyekua nayo akikutana na kitabu cha Kiswahili hukutana na lugha ya pili, na uzuri wa chapa au ukubwa wa herufi haumsaidii chochote. Anachohitaji ni hadithi iliyosimuliwa kwa ishara katika video, kisha kitabu cha hadithi hiyohiyo pembeni yake. Mji wa Kwale una shule ya viziwi. Maktaba ya mji ule ikiadhimisha 23 Septemba kwa kuwaalika wanafunzi hao waketi wasikilize hotuba kupitia mkalimani, itakuwa imewaalika kama watazamaji. Ikiwaalika wawe wasimulizi, na wasomaji wanaosikia ndio wahitaji mkalimani, saa moja ya mgeuko huo hufundisha zaidi ya mabango kumi. Na mkutubi aliyejifunza angalau kusalimia, kuuliza jina na kuuliza unatafuta kitabu gani kwa ishara, amebomoa ukuta ambao kaunti ingeujadili kwenye vikao miaka mitatu.

Mtoto asiyeona wa pwani ya kusini, kwa upande wake, yuko karibu na Shule ya Wasioona ya Likoni, na kutoka Ukunda hahitaji hata kuvuka feri. Shida yake huanza wakati wa likizo, anaporudi kijijini ambako hakuna ukurasa hata mmoja wa breli. Hapo maktaba ya umma na shule zinahitaji mapatano ya kuazimana, jambo la barua mbili na gari moja.

Siku zilizotangazwa New York na Paris, kwenye makao ya Umoja wa Mataifa na UNESCO, hata hivyo, hazitoshi. Kila mahali pana tarehe zake, na mfano wenye nguvu kuliko yote niujuao ni wa Wamakonde wa Kwale. Wazee wao walitoka kaskazini mwa Msumbiji, wengi wakija tangu miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Ramisi ni jina lisilokosekana katika kumbukumbu zao. Walibaki, wakazaa, wakachonga mpingo ambao watalii wamebeba hadi Ulaya, na kwa miongo kadhaa hawakuwa raia wa nchi yoyote. Oktoba 2016 walifunga safari ya kutoka Kwale hadi Nairobi, nyingi ya hatua zake kwa miguu, kwenda kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Rais akaagiza wapewe vitambulisho, na jamii yao ikatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba, wavuvi ambao mababu zao walivuka kutoka kisiwa cha Pemba, walisubiri hadi Julai 2023 ndipo Rais William Ruto akawatangazia kutambuliwa.

Haya yanahusiana vipi na ukutubi? Yanahusiana na fomu. Fomu ya uanachama huuliza namba ya kitambulisho. Ya mtoto hutaka mzazi au mdhamini mwenye nacho. Ina maana kwamba mtu asiye na kipande angeweza kuishi jirani na maktaba ya umma maisha yake yote asiweze kuazima kitabu kimoja, bila ya mtu yeyote kumfukuza wala kumtolea neno baya. Wanafunzi wangu nawaomba waiweke akilini sura hii ya kutengwa, kwa sababu haina mkosaji wa kumnyooshea kidole. Fomu ilitungwa ili vitabu visipotee, na nia hiyo ni halali. Lakini mdhamini anaweza kuwa mwalimu, imamu, mzee wa mtaa au chama cha wachongaji. Kusomea ndani kunaweza kuruhusiwa bila karatasi yoyote. Maktaba ya pwani ya kusini ikiadhimisha Oktoba ile ya matembezi ya Wamakonde, iandae maonyesho ya mpingo na ngoma, naam, na siku hiyohiyo iibandike mlangoni fomu mpya.

Msambweni ina historia nyingine ya kutengwa ambayo siku hizi hutajwa kwa nadra: kituo cha Tumbe, mahali wagonjwa wa ukoma walipokaa mbali na watu wao. Ukoma hutibika kwa dawa, na mgonjwa aliyeanza matibabu hakawii kuacha kuambukiza, lakini aibu hubaki baada ya vimelea kufa. Maktaba inayotaka siku ya uhamasisho yenye mizizi hapo ilipo haina haja ya kutafuta mbali. Jumapili ya mwisho ya Januari ni siku ya ukoma duniani, na Msambweni ina haki ya kuisimulia kwa kinywa chake.

Lugha ndiyo sehemu ambayo mimi binafsi huchelewa kuimaliza. Tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitenga kwa ajili ya Kiswahili mwaka 2021, pwani huisherehekea kwa fahari, na ni haki yake. Hata hivyo, Kiswahili cha pwani ya kusini si kimoja. Kongamano la Mombasa la 1928 lilichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na tangu hapo mtoto wa Vanga amekuwa akisahihishwa darasani kwa kusema kama bibi yake. Diwani ya Boukheit Amana, Malenga wa Vumba, ilitoka mwaka 1982. Ingefaa iwe mahali pa kuonekana katika kila maktaba kati ya Likoni na mpaka.

Chidigo kina taabu ya namna yake. Kiko karibu mno na Kiswahili, na ukaribu huo humrahisishia kijana wa Ukunda kukiacha bila kuona kama ameacha kitu. Mwaka 2004 ilichapishwa Mgombato, kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili, kazi ya Joseph Mwalonya, Alison Nicolle, Steve Nicolle na Juma Zimbu. Kitabu cha namna hii kikifungiwa katika rafu ya marejeo, kikasomwa kwa ruhusa tu, kitakuwa kimekufa kifo cha heshima. Naona siku ya kukifungua ni 21 Februari: watoto na bibi zao mezani, neno moja kwa neno moja, bibi akikosoa kamusi na mkutubi akiandika. Hadithi zikitoka, mradi wa African Storybook ulioanzia Afrika Kusini hutoa njia ya bure ya kuziweka mtandaoni na kuzichapa kwa lugha yoyote. Asubuhi moja ya namna hiyo yaweza kuipa maktaba vitabu vya Chidigo au Chiduruma ambavyo hakuna mchapishaji aliyefikiria kuviuza.

Na vitabu vya aina hiyo vinahitajika. Rudine Sims Bishop, mtaalamu wa Marekani wa fasihi ya watoto, aliandika mwaka 1990 kwamba kitabu chaweza kuwa kioo ambamo mtoto hujiona, au dirisha la kuwaonea wengine. Maktaba zetu zimejengwa kwa kiasi kikubwa na misaada ya vitabu kutoka nje. Shirika la Uingereza la Book Aid International, lenye mizizi ya mwaka 1954, limeziletea maktaba za Kenya shehena nyingi, na wasomaji wengi, mimi nikiwa mmoja wao, tunashukuru. Madirisha tunayo. Mtoto wa Kinondo anaijua theluji. Anachokikosa ni kuwakuta Wadigo, Waduruma na Wamakonde wakitenda mambo ya kawaida katika hadithi: wakipoteza mbuzi, wakigombana na dada zao, wakichelewa shule kwa sababu ya mvua.

Kuna eneo moja la fani hii ambalo mgeni hulidharau, nalo ni upangaji wa vitabu. Mfumo wa Dewey, uliotoka Marekani mwaka 1876 na unaotumika katika maktaba zetu, umeitengea dini sehemu ya 200. Namba kuanzia 220 hadi 289 ni za Biblia na Ukristo. Uislamu wote, fiqhi, tafsiri, historia ya madhehebu, umebanwa katika 297, na dini za jadi za Afrika katika kipande cha 299. Katika kaunti ambayo Waislamu ndio wengi, matokeo yake ni rafu ambayo namba zake hurefuka kwa desimali hadi mwanafunzi wa madrasa asijue aanzie wapi. Tatizo hili halikufanywa na mkutubi wa Kwale, ila yeye anaweza kulipunguza kwa kibao kilichoandikwa kwa maneno ya watu wa hapo na kwa orodha ya Kiswahili iliyobandikwa mwisho wa rafu.

Majina katika katalogi nayo yana uzito. Sanford Berman, mkutubi Mmarekani aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Zambia, alishtushwa na kichwa cha mada kilichowaita Waafrika wa kusini kwa jina la tusi, na mwaka 1971 akachapisha kitabu kizima kudai vichwa vya namna hiyo vibadilishwe. Kwetu, kamusi ya Krapf na Rebmann iliyochapishwa 1887 inawaita Wamijikenda kwa jina la Nika, ambalo wenyewe walilikataa. Kitabu hicho ni hazina na lazima kihifadhiwe na jina lake, lakini msomaji akitafuta Mijikenda katika katalogi lazima akifikie, na kadi imweleze kwa nini jina ni lile.

Jambo la mwisho ni tahadhari. Tangu mwaka 2000, ilipobuniwa Denmark, maktaba za nchi nyingi zimekuwa zikiandaa kile kinachoitwa maktaba ya watu: mtu huketi akawa ndiye kitabu, na msomaji humuuliza maisha yake. Pwani ya kusini ina watu wa kuijaza maktaba hiyo mara mia. Lakini mzee wa Kaya Kinondo si wa kuulizwa kila kitu. Makaya ya Mijikenda, yaliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008, yana maarifa ambayo wenyewe wameamua yasitoke msituni, na uamuzi huo ni sehemu ya utamaduni tunaodai kuuheshimu. Jirani zetu wa Kilifi walikwisha kuona vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wahenga wao, vikiibwa na kuishia katika makumbusho ya Marekani, na baadhi tu vikarudishwa. Kwa hiyo kabla ya tangazo lolote kutoka, mzee aulizwe faraghani nini kisemwe, nani apige picha, na rekodi ikae wapi. Vivyo hivyo kwa mama mwenye mtoto wa usonji: aje kama mwalimu wetu ikiwa ataka, wala asiitwe jukwaani kuonyesha machozi.

Nikuache na kazi zinazosubiri mikono, maana fani hii ina ardhi kubwa ambayo haijalimwa. Hakuna anayepaswa kungoja shahada ndipo aanze. Mwalimu wa Kinango anaweza kuandika ni saa ngapi wasichana wa kijiji chake wanakuwa huru na kuilinganisha na saa za maktaba. Mkutubi wa Ukunda anaweza kupitia fomu za mwaka mmoja aone ni mitaa ipi haina jina hata moja. Na aliye na subira ya masikio aende Wasini na Vanga. H. E. Lambert alichapisha uchunguzi wake wa Kivumba mwaka 1957 na wa Chifundi mwaka 1958, na vijitabu vile vimekaa katika maktaba za vyuo vikuu, mbali na vinywa vilivyovitoa. Nakala zipelekwe kisiwani zikasomwe kwa sauti mbele ya walio hai, wakosoe, waongeze, na rekodi mpya, kwa idhini yao, ziwekwe mahali pawili: moja Kwale mjini, na moja hapohapo Wasini, shuleni, ambako watoto wanaweza kuisikiliza bila kupanda mashua.